Vidonge vya Jioni

Shangazi yangu hakuwahi kula kitu kizima. Mkate aliukata katikati kabla hajaugusa, chungwa aliligawa, na mche wa sabuni aliupasua kwa kisu, kisha akavitumia vipande vyote viwili mwenyewe. Hata mumewe alipokuwa ameshakufa, na binti yake amehamia kwenye chumba cha kupanga karibu na kazini kwake, ungemkuta asubuhi mezani na nusu ya mkate huku na nusu kule. Alikula ya kwanza, akanywa chai kidogo, akala ya pili. Ukimuuliza hiyo ya pili ni ya nani, alisema, "Ya mwenye njaa," kisha akaimega. Tabia hiyo alikuwa nayo mpaka anafariki mwaka juzi, kwa ugonjwa wa moyo ambao haukuhusiana na habari hii.

Walikuwa madobi, yeye na mumewe. Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichotazama barabarani, na nyuma yake ua mdogo wenye mabeseni, kamba, na bomba lililovuja miaka yote. Ndani kulikuwa na meza ya pasi iliyotandikwa blanketi la kijivu, na juu ya blanketi shuka yenye alama za kuungua zilizofanana na nyayo. Mumewe alifua na kuanika. Yeye alipiga pasi. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, mshono mdogo ndani ya ukosi, na watu waliitwa kwa nyuzi zao. "Uzi wa kijani kaoa," shangazi alikuwa akisema. "Mashati sasa yanakuja na madoa ya poda."

Mumewe aliitwa Kola, kwa sababu kwake yeye shati lilikuwa kola, hayo mengine yalikuwa kitambaa tu. Aliifikicha kwa kidole gumba mpaka uzi wake wa asili ukaonekana. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maneno. Mwalimu mmoja aliwahi kulalamika kwamba shati lake limerudi limepungua.

"Halijapungua, mwalimu," Kola akamwambia. "Tumbo ndilo limepandishwa cheo kabla yako."

Walipimwa wakati shangazi ana mimba ya mtoto wao wa pekee. Wote wawili walikuwa na virusi. Huduma ya wakati ule kwa mama mjamzito ilikuwa fupi: kidonge kimoja cha kumeza uchungu ukianza, na matone ya dawa kwa mtoto akishazaliwa. Shangazi alikitunza kidonge kile ndani ya kitambaa, akakimeza kama alivyoelekezwa. Mtoto akazaliwa, msichana, akanyonya vizuri. Walimweka juu ya rundo la nguo chafu wakifanya kazi, naye akawa anawanyooshea kidole wateja waliokuwa wakiingia. Kola akamwita Bosi, na jina likaganda.

Bosi hajaanza kutembea, shangazi akaanza kukonda. Kliniki ikawapima wote wawili chembe za kinga. Siku hizo dawa zilikuwa chache, na ulikuwepo mstari: aliyeko chini ya mstari anapewa, aliyeko juu anaambiwa arudi baadaye. Shangazi alikuwa chini. Kola alikuwa juu kidogo.

Habari za siku ile shangazi alinisimulia miaka mingi baadaye, nami naziandika kama alivyozisema. Walirudi nyumbani, yeye na chupa ya vidonge mkobani, Kola mikono mitupu. Kola akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Nimemuuliza yule daktari, sasa niumwe kiasi gani ndipo na mimi nihesabiwe mgonjwa? Akasema chembe zikishuka. Nikamwambia, kama shida ni kushuka tu, zisukume."

"Hukumwambia hivyo."

"Nilimwambia moyoni."

Kola alikuwa akikohoa. Usiku alilowa jasho, na mchana alikuwa akisimama katikati ya kukamua shuka ili apumzike. Dawa ya shangazi ilikuwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Jioni ile aliweka sahani, akagawa chakula, akagawa maji, kisha akafungua chupa, akatoa kidonge, akakiweka upande wa mumewe.

"Hiki si chako?"

"Cha kwangu nimemeza asubuhi."

"Wamesema mara mbili."

"Na sisi tuko wawili. Meza, chakula kinapoa."

Kola akakitazama kwa muda. Kisha akameza.

Ikawa hivyo. Asubuhi yake, jioni ya mumewe. Ndani ya nyumba ile hakuna kilichowahi kugawanywa kwa namna nyingine, na shangazi hakuona kama anavunja amri, aliona kama anaikamilisha. Kikohozi cha Kola kikapungua. Shangazi naye akarudisha mwili kidogo. Kliniki ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu vidonge vilivyobaki ili kujua nani anameza na nani hamezi, na chupa ya shangazi ilikuwa ikiisha siku ileile iliyotakiwa kuisha. Nesi akamsifu mbele za watu. Akaombwa asimame mbele ya benchi la wagonjwa wapya awaeleze anavyofanya. Akasimama, akasema inatakiwa nidhamu, na mtu wa kukukumbusha nyumbani.

"Nani anakukumbusha wewe?" mtu mmoja akamuuliza.

"Mume wangu," akajibu. "Jioni hasahau kabisa."

Mimi nafanya kazi maabara, katika hospitali nyingine, na ninajua kilichokuwa kikiendelea ndani ya miili ile miwili. Virusi vinazaliana haraka na kwa makosa. Dawa ikijaa mwilini, makosa hayapati nafasi. Dawa ikiwa nusu, vinakufa vile vya kawaida, na vile vilivyokosewa kwa namna ya kuikwepa dawa vinabaki peke yao na nyumba nzima. Kwa dawa za enzi ile kosa moja lilitosha. Likishatokea, kidonge kinabaki kidonge kwa jina na kwa madhara: mashavu ya shangazi yaliingia ndani, nyayo zikawaka moto akisimama mezani, lakini virusi vilishazoea.

Kliniki ikampima Bosi alipokuwa anaelekea kuachishwa ziwa, wakamkuta na virusi. Akaanzishiwa dawa za maji, chungu kiasi kwamba Kola alionja mara moja akasema sasa ameelewa kwa nini mtoto anamtemea mate.

Baadaye mstari ukapandishwa. Dawa zilikuwa zimeongezeka, na utafiti ulionyesha kwamba kusubiri mtu aporomoke si tiba. Kola akaitwa, akapewa chupa yake mwenyewe. Alikwenda nayo nyumbani ameishika kwa mikono miwili. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, kila mmoja alimeza cha kwake, na shangazi akaniambia walicheka kama watu waliohamia nyumba kubwa.

Dawa ilikuwa ileile ambayo virusi vilishaizoea. Kola alianza kupungua hata mwaka haujakatika. Kliniki ilikuwa inapima uzito na chembe za kinga, kipimo cha kuhesabu virusi vyenyewe kilikuwa hakijawafikia watu wa kawaida, kwa hiyo ilibidi wangoje ziporomoke tena ndipo waseme dawa imeshindwa. Waliposema, na dawa ya kundi la pili ilipoagizwa, Kola hakuweza kupanda ngazi za kliniki. Alikufa wakati wa mvua, nguo zimejaa ndani kwa sababu uani hazikauki. Shangazi alipiga pasi mashati yaliyokuwa na unyevu kwa siku kadhaa, akawarudishia wenyewe, kisha akafunga duka kwa muda.

Yeye mwenyewe aliwahiwa. Alihamishiwa kundi la pili, vidonge vikubwa vilivyomsumbua tumbo, na miaka ikapita. Nimeyaona mabadiliko hayo kazini, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja kama barua ya ofisi na si kama muujiza. Mstari ulifutwa kabisa, anayepimwa leo akikutwa navyo anaanza leo. Kipimo cha wingi wa virusi kikawa cha kila mtu. Dawa zile za zamani zikaondolewa, moja kwa sababu ya madhara, nyingine kwa sababu usugu dhidi yake ulikuwa umeenea mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuimeza. Kikaja kidonge kipya, kidogo, mara moja kwa siku, ambacho virusi vinahitaji makosa mengi kwa mpigo ili kukikwepa. Shangazi alihamishiwa kidonge hicho. Bosi pia.

"Kadogo hivi," shangazi alisema akikigeuzageuza kiganjani. "Ukikadondosha kwenye wanga wa mashati hukaoni tena."

Nilidhani habari imeishia hapo. Bosi alimaliza shule, akapata kazi kwenye duka la kutoa fotokopi, akapanga chumba na rafiki yake wa shuleni. Alikuwa na maneno kama baba yake. Kisha damu yake ikapimwa, na virusi vilikuwa vingi. Akaitwa kwenye vikao vya ushauri. Mshauri, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alimuuliza kama anameza kila siku, akasema anameza. Akapimwa tena. Vilikuwa vingi vilevile.

Shangazi akanijia nyumbani kwangu Jumapili mchana. Hakuwa na kawaida ya kuja bila kusema. Alikaa, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Wanataka kuchukua damu yake waipeleke maabara kubwa," alisema. "Waone kama virusi vyake ni sugu."

"Ndiyo utaratibu wa sasa, shangazi. Ni mzuri. Zamani wangebadilisha dawa kwa kubahatisha."

"Damu inaonyesha usugu ulitoka wapi?"

"Inaonyesha upo au haupo."

Hapo akanieleza habari ya vidonge vya jioni, yote, kuanzia kwenye beseni lililopinduliwa. Aliisimulia polepole, macho kwenye kikombe, kama mtu anayekunjua nguo iliyokaa sandukuni.

"Wakati ule alikuwa ananyonya," akamaliza. "Kilichokuwa mwilini mwangu nimempa kwenye maziwa. Kimemuua baba yake, kikamsubiri yeye. Sasa daktari akikaa kumchagulia dawa bila kujua hilo, atampa isiyofaa. Au nakosea?"

Nilimwambia daktari anayejua historia yote anachagua vizuri zaidi.

"Bosi atakuwepo nikisema."

"Anaweza kutoka nje."

"Hatatoka. Unamjua. Ukimwambia atoke ndipo atavuta kiti." Akaweka kikombe chini. "Hajui. Anajua baba yake alikufa kwa ugonjwa, basi. Nikisema, nampoteza mtoto. Nisiposema, nampoteza mtoto. Nipe sukari, hii chai yako haina kitu."

Alikwenda wiki hiyohiyo, na mimi nikamsindikiza. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, na feni iliyolalamika na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alikuwa kijana wa kike mwenye sauti ya chini. Bosi alikaa karibu na mama yake, simu mkononi. Mimi nilikaa kiti cha mlangoni. Daktari alieleza kwamba kama virusi vimezoea dawa hii, zitabaki njia chache, vidonge vingi zaidi na vizito zaidi, na hakuna akiba kubwa nyuma ya hizo. Ndiyo maana anataka kujua kila dawa ambayo familia iliwahi kutumia.

"Kuna jambo," shangazi akasema.

Akalisema. Hakulipamba wala hakujitetea. Daktari alisikiliza, akaandika maneno machache.

"Asante kwa kuniambia, mama. Enzi zile wengi waligawana. Nimeshalisikia mara nyingi."

Nadhani hilo lilimuumiza shangazi kuliko karipio. Alikuwa amebeba kitu kwa miaka ile yote, alipokitua akaambiwa kipo kingi.

Bosi alikuwa ameweka simu mapajani.

"Kwa hiyo baba alikufa kwa dawa zako," akasema.

"Alikufa kwa dawa zetu."

"Na mimi nikanyonya."

"Ukanyonya."

Bosi alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga, akanyoosha mkono damu ichukuliwe. Alipotoka nje hakutusubiri.

Majibu yalichukua wiki nyingi, kipimo kile si cha siku moja. Katika wiki hizo Bosi hakupokea simu za mama yake. Alituma ujumbe mfupi mara chache, "niko salama", "niko kazini". Shangazi aliendelea na pasi. Nilipita siku moja nikamkuta ameunguza mkono wa shati jeupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwenye shati, yule mwalimu wa zamani ambaye sasa alikuwa amestaafu, aliligeuza mwangani.

"Naona leo umeninyolea shati," akasema.

"Nitakushonea kiraka."

"Kiraka cha nini? Nikunje mikono, nionekane kijana." Alipokwisha kutoka, shangazi akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia mkaa, kama mtoto aliyezaliwa na virusi sugu huishi miaka mingapi. Nilimwambia hakuna jibu la namna hiyo, na kwamba dawa mpya haifanani na zile. Alitikisa kichwa. Hakuwa amenisikia.

Siku ya majibu Bosi alifika kabla yetu. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mkoba umekumbatiwa. Alimwamkia mama yake, "Shikamoo," mama akaitikia, "Marahaba," na hapo maneno yakaisha mpaka tulipoitwa.

Daktari alisoma karatasi yake, akaigeuza, akaisoma tena upande wa mbele.

"Virusi vyako havina usugu dhidi ya dawa unayotumia," akamwambia Bosi. "Kuna alama moja ya zamani, ya kundi lile lililoondolewa. Ile haiigusi dawa hii. Kwa hiyo dawa ingefanya kazi, kama ingekuwa inafika tumboni."

Shangazi alisogea mbele kwenye kiti. "Maana yake?"

Daktari alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetoa habari mbaya.

"Maana yake, mama, binti hamezi."

Shangazi akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Daktari alinitazama mimi. Bosi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, acha."

"Humezi?"

"Nameza siku nyingine."

"Siku nyingine," shangazi akarudia, na hilo likamwongezea kicheko mpaka machozi yakamtoka, na nesi akachungulia mlangoni kuuliza kama pana tatizo. "Hakuna tatizo," shangazi akamwambia. "Ni uvivu. Mwanangu ana uvivu tu."

"Si uvivu," Bosi akasema.

Akaeleza. Alipohamia kwenye chumba kile alivitia vidonge kwenye chupa ya vitamini, ili mwenzake asiulize. Mwenzake hakuuliza. Siku moja alisema anajisikia mchovu, akafungua chupa, akameza kimoja, akasema, "Shoga, hizi zinauzwa duka gani?" Bosi hakulala. Asubuhi akavihamishia kwenye droo ya kazini, nyuma ya karatasi za mashine. Tangu hapo alimeza siku anazokwenda kazini, droo ikiwa haina mtu karibu. Siku za mapumziko hakumeza. Siku ambazo mwenye duka alikaa kwenye meza ile, hakumeza. Zikawa siku nyingi.

"Virusi bado havijajifunza," daktari alisema. "Una bahati. Dawa hii inachelewa kuzoeleka, lakini si kwamba haizoeleki kabisa. Tumeanza kuwaona wachache ambao imewashinda. Ukiendelea hivi, kipimo kijacho hatutacheka."

Bosi akaitikia kwa kichwa.

Nje, kwenye ngazi, shangazi akamgeukia. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Wiki zote hizi umeniacha nikijua nimekuua."

"Nilitaka kusema siku ileile," Bosi akasema. "Nilikuja nimejiandaa kusema. Ukatangulia wewe, ukasema ya baba. Sikupata pa kuanzia."

Shangazi alimtazama sana. Halafu akamvuta ukosi wa blauzi, akautazama kwa ndani, akasema, "Na hii kakupigia nani pasi? Mikunjo kama ramani."

"Nimepiga mwenyewe."

"Inaonekana."

Baadaye Bosi alimwambia mwenzake ukweli. Alinisimulia akiwa ameegemea meza ya pasi. Mwenzake alikaa kitandani akauliza.

"Kwa hiyo mimi nilimeza nini?"

"Kimoja tu. Hakikudhuru."

"Ndiyo maana wiki ile ngozi ilikuwa inang'aa," mwenzake akasema, na tangu siku hiyo akawa ndiye anayegonga chupa kwenye ukuta kila asubuhi na kuita, "Vitamini." Damu ya Bosi ilipopimwa tena, virusi vilikuwa vimeshuka mpaka kipimo hakivioni.

Nilimwona shangazi mara ya mwisho dukani, asubuhi, wakati nikielekea kazini. Alikuwa anapiga pasi shati la mtu, amevua viatu kwa sababu nyayo hazikuwahi kupona moto ule. Aliniuliza habari za kazini. Kisha, bila kuinua macho, akauliza habari ya alama.

"Ile alama moja ya zamani. Aliyosema daktari. Ilitoka kwenye vidonge vya jioni?"

Nilimwambia inawezekana. Nikamwambia pia inawezekana ilitoka kwenye kile kidonge kimoja alichopewa ameze uchungu ukianza, kwa sababu baadaye ilijulikana kwamba kidonge kile peke yake kiliwaachia akina mama wengi usugu. Au kwenye matone aliyopewa mtoto. Au kwenye zile dawa za maji alizokuwa akizitema. Zote zilikuwa za ukoo mmoja na zinaacha alama moja.

"Kwa hiyo maabara zenu zote haziwezi kujua."

"Haziwezi."

"Na hakuna anayetaka kujua."

"Kwa ajili ya matibabu, hapana. Dawa zile hazitumiki tena. Hata ingekuwa imetoka kwako, shangazi, leo haibadilishi chochote."

Alipitisha pasi kwenye mgongo wa shati, akalilaza vizuri, akapitisha tena. Nilidhani nimemfariji. Nikaongeza, kama tunavyowaeleza wanafunzi, kwamba hata hivyo kugawana kulikuwa kosa, kwamba ingekuwa afadhali mmoja apone kabisa kuliko wawili nusu nusu.

Aliiweka pasi kando, akanitazama usoni.

"Anakohoa hapo mbele yako, chakula mnakula sahani moja. Wewe na elimu yako, ungemeza huku anakuangalia?" Halafu akairudia pasi. "Haya nenda, mwanangu, usichelewe kazini."